Rangi ya Maji

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Kipindi cha historia asubuhi, kisha bwawani. Nimekwangua ukoga mpaka vidole vikafa ganzi. Upepo wa Agosti hapa Sumbawanga hauna huruma. Zege ni zima, nyufa zimezibwa. Bado rangi.

Kamati ya shule imenipa hadi mwisho wa mwezi. Bwawa lisipofaa kwa kuogelea litafukiwa na kupandwa kabichi. Mzee Kauzeni, mwenyekiti wa kamati, analiita beseni la wakoloni, kwa kuwa ndio walioliacha. Nilimjibu kikaoni kwamba mto hauulizi itikadi ya mtu. Masika iliyopita mto ulimchukua mwanafunzi wetu Alfonsi akirudi kwao Muze, kule bondeni. Hakujua kuogelea. Wenzake wa bondeni hawajui hadi leo. Hoja yangu ni hiyo moja, na hakuna aliyeivunja.

Jumatano, 7 Agosti
Rangi imefika kutoka bohari. Niliiagiza mwenyewe, kwa Kiswahili fasaha: rangi ya maji, ya buluu. Mwaipopo, mwalimu wa hesabu, mtu wa Mbeya, alinisihi nitaje jina la Kiingereza. Nilikataa. Nilisema mbele ya walimu wote kwamba lugha isiyoweza kuagiza rangi haiwezi kujenga ujamaa. Walipiga makofi. Rangi ya kukaa majini ni rangi ya maji. Kipi kilicho wazi zaidi?

Alhamisi, 8 Agosti
Ukuta mmoja umekamilika. Unapendeza kupita nilivyotarajia.

Ijumaa, 9 Agosti
Asubuhi nimeumwagia ukuta ndoo ya maji. Buluu yote imetiririka mpaka kwenye tundu la kutolea maji.

Nimekwenda bohari kwa miguu, nikitunga hotuba njia nzima. Karani hakuinua hata macho.

“Rangi ya maji, ndugu mwalimu, ni ile inayokorogwa na maji. Ya kupaka sebuleni.”

“Mimi nilitaka ya bwawa.”

“Basi ungesema ya bwawa. Ulisema ya maji, nikakupa ya maji.”

Mwenzake akashauri bwawa lihamishiwe sebuleni. Wamecheka mpaka wakafuta machozi. Inaelekea mji mzima unajua maana ya maneno hayo isipokuwa mimi mwenye shahada. Rangi nyingine haipo, na haijulikani itakuja lini. Saruji nayo yote imekwenda Mtowisa kujenga zahanati. Hata ya kusiriba haikubaki.

Nina hasira. Zaidi ya hasira, nina aibu.

Jumatatu, 12 Agosti
Mwaipopo amepata mapipa ya lami kwa mafundi wa barabara. Haibanduki, haipitishi maji. Nimempinga saa nzima: ni nyeusi, inanuka, bwawa si barabara. Amenisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Msomi, unataka bwawa au unataka kushinda?”

Nimekubali.

Jumamosi, 17 Agosti
Tumemaliza kupaka. Nguo zangu hazifai tena. Lami imeshika vizuri mno. Tumefungulia maji, bomba linatoa kidogo kidogo. Mkuu wa shule amepita, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nimeshinda, nadhani.

Jumanne, 20 Agosti
Limejaa. Maji ni meusi kama wino. Shuleni hakuna mwingine anayejua kuogelea. Mimi nilijifunza chuo kikuu, si kwetu Mwimbi. Nimeingia peke yangu, Mwaipopo akiwa ukingoni na koti langu. Baridi ya kukata pumzi.

Nikapiga mbizi hadi chini, nikashika tundu, nikatulia. Nilitaka tu kujua kama naweza. Kutoka kule chini nilimwona vizuri yeye na anga juu yake.

Nilipoibuka alikuwa anakimbia upande wa pili, kiatu kimoja mguuni, akiita jina langu mahali ambapo sikuwapo.

“Mshenzi wewe,” akasema. “Sikukuona. Nilitazama pale pale ulipo na sikukuona.”

Akakaa chini.

Jumatano, 21 Agosti
Darasa zima majini, mwalimu mmoja. Mmoja akizama kimya, nitakuwa nimempa mgongo.

Nimejitetea siku nzima. Nitafunga kamba kuzuia upande wa kina. Nitawahesabu. Nitaingiza wachache wachache. Kila hoja ni nzuri, na siiamini hata moja. Wanafunzi nawajua, kamba wataivuka siku ile ile. Kamati haijui lolote. Mwaipopo anasema uamuzi ni wangu. Namchukia kwa hilo.

Ijumaa, 23 Agosti
Kikao cha kamati. Nimesimama, nikasema bwawa lifukiwe.

Nilikuwa na sababu zangu kwa mpangilio. Mzee Kauzeni hakuzingoja. Alinijia na kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

“Mwanangu wa Mwimbi, sasa umeiva. Umeyaacha mambo ya kizungu mwenyewe, bila kusukumwa.”

“Shida si itikadi, mzee,” nikasema. “Shida ni lami. Mtu akizama haonekani.”

Wakacheka, wakidhani natania. Wakapiga makofi, mengi kuliko yale ya siku ya rangi. Mkuu wa shule ameahidi kunitaja kwa wakubwa wa mkoa kuwa kijana wa mfano. Niliendelea kusimama nikitafuta pa kuanzia tena. Kisha nikaketi.

Jumatatu, 26 Agosti
Maji yameondolewa. Wanafunzi wamekuja na majembe na karai. Kazi ya kujitegemea, badala ya kipindi changu. Mwaipopo naye amekuja. Tulisimama pamoja upande wa kina, tukipokea udongo na kuusawazisha.

Wale wa Muze wameniuliza kama watafundishwa kuogelea kabla ya mvua. Nimewaambia hapana. Hawakuuliza sababu. Walichukua karai zao wakarudi kwenye foleni.

Jioni udongo ulikuwa umefika magotini.