Safu ya Pili kutoka Ziwani

Elerai, Arusha
4 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini kifua hakikusumbui tena. Mimi ni mzima. Bibi naye, ila goti.

Simu zako sipokei, unajua. Naandika kwa sababu nimesikia Ziwa Tanganyika limepanda na huko Ujiji watu wanahama nyumba za chini. Kaburi la Mama liko umbali gani na maji? Miaka sita sasa Baba mdogo Efraimu ameacha wazi pale migombani kwetu Nkoaranga, kando ya kaburi la Babu, mahali Mama alipopaswa kulazwa kama wake wote wa ukoo. Tumlete nyumbani.

Mwanao,
Ndeshi

Ujiji
19 Februari 2024

Mwanangu Ndeshi,

Marahaba. Nimefurahia mwandiko wako hata kabla ya kuusoma. Kifua kimetulia. Mwambie mama yangu asipande ule mlima wa hospitali kwa miguu.

Kaburi liko salama, safu ya pili kutoka ziwani. Nimesoma kipimo cha maji bandarini kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja, na kabla ya kumzika mama yako nilifungua madaftari yote ya vipimo. Maji hayajawahi kufika hata karibu. Wazee wa hapa husema enzi za mababu zao ziwa lilikuwa juu zaidi, kisha likapasua njia magharibi, kwenye mto Lukuga, likashuka. Jirani yangu hunitania: "Mmeru, hapo umejenga kwenye sakafu ya ziwa. Wewe mpangaji tu." Namjibu kwamba hilo halimo daftarini.

Nilimzika hapa kwa sababu ndiyo njia yangu ya kwenda kazini. Nilitaka kumsalimu.

Baba yako,
Abdiel

Nkoaranga
10 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Huku mvua zimeanza, wote wazima.

Nimekaa maktaba siku tatu. Jirani yako anasema kweli. Ziwa lilishuka karibu miaka mia na hamsini iliyopita, na pale watu walipokuwa wakipanda mitumbwi pakabaki nchi kavu. Daftari lako la kwanza ni la mwaka 1993, Baba. Ziwa halikuanza mwaka huo.

Nilimsomea Bibi barua yako. Aliendelea kumenya ndizi, kisha akasema, "Mwambie Abdiel sitaki maelezo. Namtaka mkwe wangu."

Fomu ya kibali cha kufukua kaburi imo humu. Inataka sahihi ya mume tu. Baba mdogo ameshapata gari. Irudishe kwa basi litakalokuletea bahasha hii.

Mwanao,
Ndeshi

Elerai
14 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Wiki tano sasa. Kondakta anasema bahasha uliipokea kwa mkono wako.

Ndeshi

Ujiji
6 Mei 2024

Ndeshi,

Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali.

Fomu niliisaini siku ile ile, nikaiacha mezani. Kila asubuhi nilikwenda makaburini, nikahesabu hatua hadi majini, nikasema kesho. Kuituma kulikuwa kukiri kwamba nilimlaza vibaya kwa hesabu zangu mwenyewe. Halafu asubuhi ningemsalimu nani? Siku kumi zilizopita ulivuma upepo, mawimbi yakavuka safu ya kwanza. Sasa pale alipo mama yako maji yananifika kiunoni. Bwana afya amekataza kuchimba. Udongo umekuwa uji.

Mwambie mama yangu, na Efraimu, kwamba kosa si la ziwa.

Abdiel

Nkoaranga
26 Mei 2024

Baba,

Shikamoo.

Nimewasomea. Baba mdogo alitoka nje, akarudi jioni. Bibi aliuliza kama maji ya huko ni ya baridi.

Nina hasira, na sitaificha nyuma ya heshima. Lakini kuna jambo sijakuambia. Wiki mliyomzika nilikuwa na tiketi mkononi. Nilikataa kuja, nikajiapiza kwamba nitamwona siku atakaporudishwa nyumbani. Kaburi lake sijawahi kuliona, hata picha zake ulizonitumia nilizirudisha. Sijui msalaba ulikuwa wa mbao au wa saruji. Sijui kichwa kilielekea wapi. Ajuaye ni wewe peke yako.

Nitafika Kigoma Ijumaa. Usinipeleke nyumbani kwanza. Tuingie wote majini hadi pale, unionyeshe.

Mwanao,
Ndeshi