Kutembea Bila Kutumwa

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Nimerudishwa! Kutoka Sirisia hadi Kitale, nguo za kulazwa kwa begi, tayari kutolewa mtoto wa jicho — na presha ikasoma 186 kwa 108. Sista akasema daktari hagusi jicho la mtu wa presha hiyo. Nirudi baada ya wiki sita. Dawa mbili badala ya moja, chumvi kidogo, na kutembea kwa kasi nusu saa kila siku. Nikamwambia mimi ni mkulima. Akauliza nililima lini mara ya mwisho. Tangu ninunue cherehani ya umeme, hata kukanyaga sikanyagi. Na sasa fundi mzima siwezi kutia uzi kwenye sindano. Nitatembea.

Jumatano, 3 Septemba
Siku ya kwanza. Sikutembea! Nani atapita boma la mtu bila kusalimu? Kwa Mama Rispah, chai. Kwa Pauline, chai na njugu za chumvi. Nusu saa imeisha na nimerudi nimeshiba. Kesho napunga mkono tu.

Jumapili, 14 Septemba
Kupunga mkono kumeleta maneno. Ati naringa. Ati namtafuta mume wangu Absalom kwa nyumba ya mwanamke mwingine, asubuhi asubuhi! Mtu hatembei tu bila kutumwa mahali. Baada ya kanisa kina mama wamekuja na sukari kilo mbili kuombea ndoa yetu. Yeye amekaa hapo kama mshtakiwa. Walipoondoka akasema niache. Nimekataa. Jicho ni langu, na miguu ni yangu. Kama anaona aibu, aje tutembee wote.

Jumanne, 23 Septemba
Amekuja! Ati ananisindikiza tu. Alianza akiwa mbele, kama wanaume wote wa huku. Kwa mlima wa barabara ya Chwele nikampita. Akasimama, ati anafunga kamba ya kiatu. Na alikuwa amevaa gambuti za mpira!
Zahanati: 158 kwa 94. Dawa inafanya kazi, na miguu pia. Nisiache hata moja.

Alhamisi, 2 Oktoba
Mvua. Nimetembea.

Jumatatu, 13 Oktoba
Kitale, benchi ya nje ya chumba cha upasuaji. Tulitembea kutoka steji ya matatu. Kipimo cha kwanza, 164. Nilikaribia kulia. Sista Chelangat akasema mtu akitoka kutembea presha hupanda kidogo, nikae dakika kumi bila kuongea. Mara ya pili: 134 kwa 82. Nimekubaliwa!
Absalom akamtania sista, ati apime na mzee pia. Miaka sitini na miwili, hajawahi kupimwa. Naye alikuwa ameketi dakika hizo zote. 198 kwa 116. Sista akajaribu mkono ule mwingine, kisha akaenda kuita daktari.
Wameniita mara mbili. Nimesema siingii kabla nione amehudumiwa. Wanasema nikikosa leo, nafasi nyingine ni Februari. Naogopa. Wiki sita nimehesabu presha yangu, sikuwahi kuuliza yake.
"Ingia, Mama Kevin," Absalom ameniambia. "Si ni kwa ajili ya hii umetembea wiki hizi zote?"
Amenishika mkono mbele ya watu. Hajawahi.
Wameita tena. Sijasimama.