Labda Niliyoimeza

Alhamisi, Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Mvua ya asubuhi imekatika, lakini moyo wangu bado mzito.

Leo nimekutana na Mama Masika sokoni. Ni mama wa upande wa Kongo. Miezi mitano iliyopita alimleta mumewe kwenye kliniki ninapofanya kazi ya kufasiri. Mume alikuwa akisukuma baiskeli ya ndizi kuvuka mpaka, akaangukiwa na mzigo, mguu ukavunjika vibaya.

Daktari wetu hajui Kiswahili. Siku ile alisema "may not": huenda asitembee tena, ila aje kila wiki afanyishwe mazoezi. Nilimsikia vizuri. Nikamgeukia mama nikasema hatatembea tena. Mazoezi nikayataja mwishoni, harakaharaka.

Kwa nini? Nimejiuliza mchana kutwa. Foleni ilikuwa ndefu, ndiyo, lakini hicho ni kisingizio. Ukweli ni kwamba hapa mpakani mtu wa ofisi akikuambia "labda", unaanza kupapasa mfuko utafute cha kumpa. Niliogopa mama angedhani naomba chai. Nilitaka anione mtu safi.

Nililinda jina langu kwa mguu wa mtu.

Nilipomuuliza leo mbona hawakurudi, alinitazama bila hasira.

"Ulitwambiaka hatatembea tena, muganga. Tungerudia nini?"

Mume yuko kitandani tangu siku ile. Goti limekakamaa, na baiskeli wamempa shemeji.

Nikamwambia palepale, kati ya mafungu ya maharage, kwamba daktari hakusema hivyo. Daktari alisema huenda; aliyekata shauri ni mimi. Akatua kikapu chini. Nilitamani anitukane.

Kisha akauliza, "Kumbe angetembea?"

Ulimi ulikuwa tayari kusema ndiyo, nimtulize, niende zangu. Nikauzuia. Nikamwambia sijui, labda. Akajifunika uso kwa kitenge akalia, na wauza maharage wakageuka kutazama kwingine.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Hata hivyo nimemsimulia daktari yote jioni hii, na amesema mgonjwa aletwe tena, ataangalia kilichobaki. Hakuahidi kitu.

Kesho sina zamu. Nitavuka niende kwao nimwambie mume mwenyewe. Akiniuliza swali lile la mkewe, sina jibu jingine la kumpa ila "labda", wala sitakuwa nalo hadi naingia kaburini.