Vigingi vya Mzee Masanja

Jumatatu, 3 Machi
Niko kijijini Kaniha tena. Jua, vumbi, kupima viwanja. Mchana simu ya majaji: ramani yangu ya senta, kituo kidogo cha biashara cha hapa, imeingia tatu bora kwenye tuzo ya mipango miji. Wameipenda ile njia pana inayokatiza katikati ya viwanja. "Ubunifu mkubwa," wamesema. Jioni ofisi nzima wamenipigia makofi. Nimecheka nao.

Jumatano, 5 Machi
Majivu ya kanisani bado usoni. Basi niseme ukweli, hapa hakuna wa kunisoma.

Njia ile si yangu. Mimi pale nilijaza viwanja. Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, alivisogeza vigingi vyangu mara tatu, mchana kweupe, ili ng'ombe wapate pa kupita kwenda mtoni. Nilimfokea mbele za watu. Mara ya nne nilichoka, nikachora kufuata alivyovisimika yeye. Kwenye fomu ya tuzo nikaandika: wazo langu.

Ijumaa, 14 Machi
Majaji wanakuja Jumanne. Wanataka kuongea na wananchi. Leo nimewaza kumwomba mzee asafiri siku hiyo. Naona aibu hata kuliandika.

Jumanne, 18 Machi
Wamekuja watatu, viatu vinang'aa. Ng'ombe wakapita, pembeni akina mama na ndoo zao. Picha nyingi. Kisha Mzee Masanja na fimbo yake. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba, taratibu. Jaji akamuuliza nani aliibuni njia hii. Mzee akanitazama.

"Ni huyu binti," akasema. "Tulimsumbua sana, akatuvumilia."

Nikawashukuru majaji, nikawasindikiza garini. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimeshinda. Ngao ya kioo, jina langu peke yake. Mzee kasikia, kanitumia dumu la maziwa na salamu za pongezi. Nimemimina kikombe. Nimeyarudisha dumuni. Kama angenitukana ningepona.

Jumatatu, 14 Aprili
Kifurushi kimeondoka na basi la asubuhi kwenda kwa majaji. Ndani ngao, na barua inayoeleza yote, jina la Mzee Masanja mstari wa kwanza. Bosi kanuna, hajanisemesha kutwa nzima.

Kabla ya kurudi nyumbani nimepita kwa mzee, nikamwambia. Alicheka, akauliza kama maziwa yalitosha.

Nyumbani maziwa nimeyakuta yameganda. Nimekunywa kikombe, nikaongeza kingine.