Mbuzi Niliyemvua Nguo

…na ngozi, Yaya, hailainiki kwa maji peke yake, inataka mikono. Hapo ndipo simu ilipokatika, wewe ukicheka kwamba mtu ameolewa mpaka huku mjini Baraka ili kutwa nzima akande ngozi kama unga wa mandazi. Nilikupigia tena, mtandao ukakataa. Nikaona afadhali niandike, maana mengine nisingeyasema kwenye simu huku watu wa nyumba hii wametega masikio. Barua anakuletea mama mmoja muuza ndakala, dagaa wa ziwani, anayepanda boti kuja Kalemie.

U mzima, Yaya Georgine, dada yangu mkubwa? Tumbo linaendeleaje? Mtoto bado anakupiga mateke ukilalia ubavu wa kushoto? Na Mama, miguu imepungua kuvimba? Baba ameacha kugombana na redio? Mimi ni mzima, nimenenepa mashavu, na Wilondja wangu ni mzima. Ona, nimeandika jina lake tu na tayari natabasamu peke yangu kama mwenda wazimu. Niache nimsifu kidogo, ndipo nikuambie mabaya.

Anapotoka Fizi na pikipiki yake, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, haingii ndani kwanza. Anasimama mlangoni na kuuliza, "Bibi ya mimi iko?" Nami hujibu, "Haiko, aliolewaka kwa bantu bengine." Basi anajifanya kulia. Kila mara. Na kila mara mimi nacheka kana kwamba ni ya kwanza. Wasichana wenzangu sekondari waliota pete. Mimi mchumba wangu aliniletea sindano nene ya kushonea viatu na buti kuukuu la ngozi, kwa sababu aliniona siku moja nikishona mkanda wa ndala yangu kwa furaha. Akasema, "Pasua hii buti, ufanye kile roho yako inapenda." Yaya, nani mwingine angeona jambo kama hilo?

Ndivyo nilivyoanza, kujifurahisha tu. Nikamshonea mshipi kutoka kwenye lile buti. Jumapili akauvaa kanisani, na tuliposimama kuimba uzi ukaachia, mshipi ukadondoka, suruali ikaanza kuufuata. Kwaya nzima iliona. Yeye akashika suruali kwa mkono mmoja akaendelea kuimba.

Nikaenda sokoni kwa Mzee Nestor, fundi viatu, Mrundi aliyekuja huku kama mkimbizi. Ni mtu mwenye ulimi mkali. Alichukua ule mshipi, akaushika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa, akawaambia wateja wake, "Mbuzi angejua hii njo itamupata, angekufa mapema." Kisha akakata mshono wangu wote kwa wembe, mbele za watu, na kunirudishia vipande. "Rudilia."

Nilirudia. Akakata tena. Alinionyesha mara moja tu jinsi ya kushona kwa sindano mbili, moja ikitoka huku na nyingine kule katika tundu lile lile, ili uzi ukikatika upande mmoja upande wa pili ushike. Alinionyesha kupaka uzi nta ya nyuki. Mengine nilijifunza kwa kukatiwa. Nilichukua uma wa jikoni nikautumia kuweka alama ili matundu yapishane sawasawa, na siku hiyo wembe wake ulisita kidogo kabla ya kukata. Nilirudi nyumbani nikiruka kwa furaha, Yaya, kwa sababu ya kusita kule tu.

Sasa sikia mabaya. Uliniomba niwe kando yako siku ya kujifungua, kwa sababu ya yule wa kwanza tuliyemzika hata bila jina. Nilikuahidi, na sijasahau hata siku moja. Kilichonifunga ni desturi ya ukoo huu. Bibi arusi hapa hapiki peke yake. Anapika kwenye jiko la mama mukwe mpaka siku ambayo huyo mama ataita kaka zake, atachinja mbuzi, na kumkabidhi mafiga matatu yake mwenyewe. Kabla ya siku hiyo haruhusiwi kusafiri kwenda kwao, hata kwa msiba. Wanasema anayeondoka kabla ya kuwasha moto wake amekimbia ndoa, na hapokelewi tena.

Siku yangu ilifika. Mafiga yalikuwa yameoshwa na kupangwa ukutani, nilikuwa nayaona tangu asubuhi. Wajomba walikuja, wakiongozwa na Mjomba Alimasi, kaka mkubwa wa mama mukwe. Shemeji yangu akachinja mbuzi nyuma ya nyumba, dume zuri lenye mabaka, lililoletwa kutoka milimani. Nikaiona ile ngozi, nikawaza Biblia ya mama mukwe, ambayo jalada limeachia na anaifunga kwa kamba ya chandarua. Nikamwambia shemeji, "Tafazali, usimuunguze. Muchune." Akaniangalia kwa mshangao. "We njo unasema?" Nikasema ndiyo, mimi ndiye ninayesema.

Kwetu Kalemie, Baba anachuna mbuzi wake na hakuna anayeuliza. Hapa, Yaya, mbuzi wa mafiga hachunwi. Anaunguzwa manyoya motoni, anakwanguliwa, anapikwa na ngozi yake, na ile ngozi ndiyo sehemu ya wajomba. Ndiyo heshima yao. Sikuijua desturi hiyo, na shemeji hakunieleza. Baadaye alisema alitaka kuona mwisho wake.

Sahani ikafika kwa Mjomba Alimasi. Akageuza nyama upande huu, akageuza upande ule. Akauliza, "Huyu mbuzi, nani alimuvua nguo?"

Kicheko kilichofuata nilidhani kingeangusha mabati. Wifi yangu Asende alipiga magoti kwa kucheka. Lakini mama mukwe hakucheka. Alisimama, akayachukua mafiga yangu moja baada ya jingine na kuyarudisha nyuma ya nyumba. Akasema, "Mwenye kuvua mbuzi nguo, kesho atanivua na mimi."

Toka siku hiyo nikawa wimbo wao. Niliiloweka ile ngozi kwenye maji ya majivu mpaka manyoya yakatoka, nikaikwangua mafuta kwa panga butu, nikaitia kwenye ndoo ya magome ya mpera yaliyochemshwa. Maji meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Kila asubuhi naigeuza, na kila asubuhi Asende yuko mlangoni. "Mama, kuya uone! Bengine banaolewa banabeba tumbo, wa kwetu anabeba ndoo." Na mama mukwe kutoka ndani: "Iache. Iko ananyonyesha." Nilikuwa nikicheka nao, Yaya. Usiku nilimwambia Wilondja kwamba kinachonitia maji machoni ni moshi wa jiko.

Ngozi ilitoka nzuri mno. Rangi ya asali ya msituni. Niliikanda na mafuta ya mawese kidogo kidogo mpaka ikawa laini kama sikio la mtoto. Nikakata jalada la Biblia, nikalishona kwa siri chumbani, sindano mbili, uzi wenye nta. Nilimpelekea Mzee Nestor likiwa limebaki upande mmoja. Alilivuta, alilikunja, alilinusa. Akatafuta wembe, akauangalia, akaurudisha mfukoni. "Toka hapa," akasema, "uko unanizibia wateja." Nililia njia nzima kwa furaha.

Nililificha chini ya godoro, nimalizie na kumpa mama mukwe siku ambayo wajomba wangerudi. Na kweli wakarudi. Mama mukwe akaniita kwa sauti tamu ambayo sikuwahi kuisikia: "Feza, binti yangu, kuya ukae kwenye mukeka. Leo iko siku yako." Nilivaa kitenge cha harusi. Nilikuwa nimeshaanza kukuona wewe, Yaya, na bandari ya Kalemie, na mimi nikishuka kwenye boti.

Asende akaleta bakuli lililofunikwa, akaliweka mbele yangu kwa magoti mawili, kwa heshima yote. "Fungua, wifi."

Nikafungua. Ndani ya mchuzi wa nyanya na mawese, na vitunguu juu, lilikuwa lile jalada. Walikuwa wamelitoa chini ya godoro, wakalichemsha. Lilijikunja kama jani la tumbaku, limekuwa dogo, jeusi, gumu.

"Kula," Mjomba Alimasi akasema, "njo ile ngozi ulitunyimaka." Wakacheka wote, wajomba, shemeji, watoto wa jirani waliokuwa wakichungulia. Nikasema, na sauti ilinitoka nyembamba sana, "Mama, ilikuwa ya Biblia yako. Zawadi."

Akaniangalia, na kwa pumzi moja nilidhani atanionea huruma. Akasema, "Biblia yangu haivalake nguo ya mbuzi. Kula."

Wilondja alikuwa amefika, na hatukumsikia. Alisimama mlangoni na vumbi lake. Hakuuliza kama bibi yake yupo. Alikuja akakaa kando yangu kwenye mkeka, akatia mkono kwenye bakuli, akauma ile ngozi. Akavuta. Akavuta tena, mishipa ya shingo imemtoka, mchuzi unamtiririka kidevuni. Haikukatika. Akasema, "Mama, asante kwa chakula. Imepikwa bibaya." Kisha akanyanyuka na kutoka.

Alizunguka nyuma ya nyumba. Akarudi amekumbatia figa la kwanza kifuani kama mtoto. Yaya, hapa mwanamume hagusi mafiga. Ni aibu kuliko kwenda uchi. Aliyapitisha mbele ya wajomba wake, mbele ya majirani, mchana kweupe, akayaweka chini ya kibanda kando ya chumba chetu. Akafuata la pili, na la tatu. Watu walipiga kelele: "Wilondja amekuwa mwanamuke! Bamuvalishe kitenge!" Akajibu, "Balete, iwe ya maua." Akapiga magoti, akaniita, akanipa kiberiti. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikashika.

Sijui kama nitapendwa tena namna hiyo hapa duniani. Nadhani mtu hupendwa hivyo mara moja tu.

Lakini usifikiri palikuwa na vigelegele. Mama mukwe alimwambia mtoto wake kwamba kuanzia siku hiyo asionje hata maji nyumbani mwake, na kwamba mafiga yaliyobebwa na mwanamume ni mawe tu, hayahesabiki, kwa hiyo nikisafiri nimekimbia. Na ametunza neno lake. Wilondja anamsalimia kila asubuhi, "Mama, umeamuka?" na yeye anamwaga maji ya kuoshea vyombo miguuni pake bila kumtazama. Wilondja anasema jambo hilo halimuumi. Nimemwona akiosha suruali iliyolowa peke yake, polepole sana.

Kesho yake nilimpelekea Mzee Nestor lile jalada lililopikwa, sijui kwa nini, labda nilitaka mtu mmoja anionee huruma. Aliligonga kwenye meza, likalia kama ubao. Akavuta mshono kwa koleo. Hakuna uzi hata mmoja ulioachia. Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nakufundisha miezi yote hii, kumbe mwalimu wako iko mama mukwe!" Ndipo akanieleza kwamba ngozi iliyokwisha kutiwa magome, ukiichovya kwenye maji ya moto kwa muda mfupi, inakubali umbo unaloipa, na ikikauka inalishika moja kwa moja. Sasa natengeneza ala za visu. Nachovya ngozi, naifinya juu ya kisu chenyewe kilichofungwa kwenye plastiki, naiacha ikauke kivulini. Zile za kwanza zilipindika kama ndizi. Ya mwisho kisu kiliingia kikatoa mlio mdogo, taf, na hakikutoka hata nilipoigeuza juu chini. Niliirudia mara nyingi tu nisikie ule mlio.

Lakini safari ilikuwa bado imefungwa. Basi nikatafuta kichwa cha mbuzi na miguu yake. Nikaunguza manyoya mwenyewe, nikakwangua mpaka ngozi ikawa ya dhahabu, nikapika kutwa nzima kwenye mafiga yangu, nikamwalika Mjomba Alimasi, yule yule. Alikuja, nadhani kwa udadisi. Alikula shavu, akala sikio, akala ngozi ya miguu, akanyonya vidole. Mama mukwe alikuwa nyuma ya ukuta, kikohozi chake tunakisikia. Mjomba akajifuta mdomo na kusema kwa sauti kubwa, "Nimekula, nimeshiba. Hapa kuna jiko. Aende kwabo, na akirudi apokelewe."

Ukuta ukajibu, "Alimasi, bamekununua na kichwa ya mbuzi!"

"Na miguu," akasema Mjomba. "Usisahau miguu."

Asubuhi mama mukwe alituma neno kupitia Asende: "Aende. Na akifika kwabo, abakie kule kule." Asende alilileta bila kucheka, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikamjibu amwambie Mama kwamba nitarudi, kwa sababu mume wangu yuko hapa na moto wangu uko hapa. Sijui kama alifikisha.

Nisalimie Mama, mwambie binti yake anajua kuunguza mbuzi sasa. Msalimie Baba, ala ya kisu chake cha kukatia tumbaku iko tayari. Msalimie shemeji mume wako, na nyanya yetu aliyenifundisha kushika sindano, na kaka yetu mdogo wa chuo asiyejibu ujumbe. Wilondja anawasalimu nyote. Amekaa hapa nyuma yangu ananisomea begani, na anasema nimezidisha habari za suruali.

Atanisindikiza mpaka bandarini, na boti litakalojaza abiria kwanza ndilo langu. Kaa na miguu yako juu, kunywa uji, na umwambie huyo mtoto asikimbilie kutoka. Kabla mwezi huu haujaisha, Yaya, nitakuwa nimekushika mkono.

Mdogo wako akupendaye,
Feza, mke wa Wilondja