Msalaba wa Makaa Kwenye Magunia

Manika, Kolwezi
Tarehe 14 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Dimitri,

Pokea salamu zetu nyingi. Unaendeleaje huko Lobito? Glodie na watoto hawajambo? Sisi ni wazima. Mvua inapiga kila siku, mama anakohoa kidogo, lakini nguvu za kutugombeza bado anazo. Mungu ashukuriwe.

Barua hii nimempa Godelieve, anayekuja huko Lobito kupitia Dilolo kufuata biashara yake ya samaki wakavu. Sikutaka WhatsApp, maana mambo ya WhatsApp humfikia Tshilombo kabla hayajakufikia wewe.

Asante kwa kunieleza kazi yenu ya bandarini. Mimi nilidhani mizigo yote humwagwa uwanja mmoja! Kumbe shaba hupangwa kwa mafungu yaliyokazwa kwa mikanda ya chuma, magunia ya kobalti hukaa pakavu ndani ya makontena, na salfa inayoletwa huku kwetu hurundikwa peke yake, mbali, kwa sababu hushika moto upesi na vumbi lake huchafua kila kitu. Na mzigo ulioharibika hutengwa, haupandi meli mpaka ukaguliwe. Hapo nilijua magunia yetu bado yapo hapo kwenu.

Unamjua Tshilombo, mkuu wa depo alikokuwa akifanya kazi shemeji yako Nkongolo. Yale magunia ya kobalti yaliyowafikia yamechafuka salfa, alidai ni Nkongolo aliyeyapakia kwenye kontena lililoleta salfa, bila kulifagia. Mbele ya wafanyakazi wote alimwambia: « Vula gilet, wende kwenu! Weye njo uliharibisha mali. » Akaitupa ile gilet, kizibao cha kazi cha Nkongolo, matopeni. Miezi miwili sasa mume wangu hatoki nyumbani, hata misa haendi. Namchukia Tshilombo, Dimitri. Nasali, halafu namchukia tena.

Unakumbuka kwa nini nilikuomba uyageuze magunia yale? Kila gunia analolipakia, Nkongolo hulichora msalaba mdogo wa makaa karibu na mdomo. Tshilombo alikuwa akimcheka, akimwita padri. Sasa umeniandikia kwamba katika yote arobaini hakuna lenye msalaba hata moja. Basi yalipakiwa Jumapili, sisi tukiwa kanisani, kwa haraka ya Tshilombo mwenyewe, naye akaandika jina la mume wangu kwenye karatasi za mzigo.

Wengine wananiambia nisamehe. Nitasamehe baadaye. Naomba picha za magunia na karatasi ya ukaguzi yenye mhuri, umpe Godelieve akirudi. Sitaipeleka ofisini kimyakimya. Nitaisoma asubuhi mlangoni pa depo, wafanyakazi wakiingia, kwa sauti yangu unayoijua. Hapa Kolwezi kila mtu anachimba, lakini kisima hiki Tshilombo amejichimbia mwenyewe.

Mama na mdogo wetu Stéphanie wanakusalimu sana. Mungu akulinde chini ya hizo mashine zenu za kunyanyulia.

Ile gilet niliiokota. Imekauka na tope lake, nimeitundika nyuma ya mlango. Mimi siifui. Ataifua Tshilombo kwa mikono yake, watu wakimtazama. Sabuni nimeshanunua.

Yaya wako, dada akupendaye,
Annie Ntumba