Presha ya Mama Akello

Ruiru, 8 Juni 2020

Mama mpendwa,

Hujambo? Baba naye? Mimi mzima, mask tu ndiyo imenichubua masikio. Hapa kliniki Daktari Muoki haoni tena wagonjwa wa presha ana kwa ana, labda aliyezidiwa. Wengine anaongea nao kwa simu. Nimekutumia mashine kwa boda. Ifunge mkononi, bonyeza, na namba itatufikia yenyewe kupitia simu yako. Mimi ndiye ninayezisoma. Kuja nyumbani siwezi, nisije nikawaletea corona.

Binti yako, Akello

Makongeni, Thika, 15 Juni

Nyathina, mwanangu,

Sisi wazima, Mungu anatulinda. Mashine ilifika na inafanya kazi. Baba yako anaiangalia kwa jicho la pembeni, ati presha ni ya watu wasio na kazi. Siku hizi sina upweke. Nimepanga viti nje, mbalimbali kama serikali ilivyosema, na asubuhi majirani wamejaa. Wewe kula vizuri, umekonda kwenye picha.

Mamako

Ruiru, 17 Juni

Mama,

Salamu baadaye. Nimekupigia tangu asubuhi na hushiki simu. Jana asubuhi ulikuwa 118, ukapanda 150, ukashuka, na jioni 197. Daktari anataka kukuongezea dawa. Unakula nini? Nimeogopa mpaka nikalia kazini. Nijibu.

Akello wako

Thika, 17 Juni

Nyathina,

Pole. Simu ilikuwa kwa jirani yangu Trizah inachajiwa. Hiyo presha si yangu yote, mimi ni ile 118. Sasa watu wameketi kwangu, wananitazama nikijipima, ningefanya nini? Ningekuwa nakula, si ningewakaribisha? Nimempima Trizah, mumewe Nicanor, na mama mboga. Mwambie daktari asinipe dawa ya majirani wa ploti nzima, nitaanguka.

Mamako, mwenye aibu kidogo

Ruiru, 17 Juni

Mama,

Nimecheka, daktari amecheka, halafu tumezisoma namba upya. Hiyo 197 ni ya mtu, na anaweza kupooza leo. Ilikuja saa kumi na moja jioni, peke yake. Ni nani? Mtafute sasa hivi.

Akello

Thika, 17 Juni

Akello,

Saa hiyo majirani walikuwa wameenda, na mimi nilikuwa nachota maji. Nyumbani alibaki baba yako. Nimemuuliza, anasema alikuwa anaipangusa vumbi. Nikamwambia vumbi halina presha. Amekasirika, ati hospitali haendi, ndiko corona iliko. Naogopa, mwanangu.

Mamako

Ruiru, 17 Juni

Mama,

Mpe simu. Daktari Muoki anampigia kwa video. Mwambie akae tu kwenye kiti.

Akello

Thika, 23 Juni

Akello,

Ni baba. Sijawahi kukuandikia, hayo nilimwachia mamako. Habari ya kazi? Sisi wazima.

Huyo daktari wako ana adabu. Aliniuliza kwanza habari za mahindi yangu kule shambani Ngoliba, akanisikiliza mpaka mwisho, ndipo akanitisha. Nililazwa siku mbili, na corona haikunipata. Kusema kweli kichwa kilikuwa kinanigonga tangu Pasaka, nikaona haya kuwaambia. Sasa nameza dawa mamako akinisimamia kama askari jela.

Viti bado viko nje, lakini majirani wanangoja zamu. Daktari ameniandikisha kwa jina langu, na namba ya kwanza kila asubuhi ni yangu. Ukubwa wake mwachie daktari. Wewe ukiiona, jua baba ameamka.

Baba yako